Bei ya Mfumo Mupya

Kapata, Kolwezi
Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, 2025

Kwako Tata Kabongo, Kisenge.

Moyo wako, Tata wangu, kwa salamu ya kikwetu. Kabla ya neno lolote nakusalimia kwa mikono miwili, wewe na Mama, pamoja na wote wanaokula kwenye sahani yenu. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje tangu mvua ianze? Je, Mama anapata usingizi, ao bado anaamka kuhesabu kuku? Sisi huku tuko wazima. Mjukuu wako Glodie ameingia mwaka wa pili wa shule na anasoma kila kitu chenye maandishi, hata mifuko ya unga na ubavu wa makamyo. Mume wangu François anafanya kazi vizuri na anakusalimia sana. Nyumba yako ya Kapata inasimama. Mulango wa nyuma bado unafunguka kwa bega, vile ulivyouacha.

Ningeweza kukupigia simu, lakini mara ya mwisho ulisikia neno moja katika matano, Mama akawa anarudia kwa sauti kubwa pembeni yako, na jioni Kisenge nzima ilijua habari ya homa ya Glodie. Masikio yako yalibaki kwenye baruti za kampuni, Tata, nami neno nililo nalo leo si la kupigiwa kelele. Afazali ulisome mwenyewe, na miwani yako, ukiwa umekaa. Mama Marie, yule mwenye kununua mihogo huko kwenu, anaondoka kesho asubuhi na kamyo. Nimemwomba akupe barua hii mkononi, asimpe mutu mwingine.

Kwanza kuna kitu cha kunyoosha. Miaka miwili iliyopita nilikuambia nimepata kazi ya ordinatere, ya kukaa mbele ya kompyuta. Ulifurahi, ukasema kwamba angalau mumoja wa batoto wako atazeeka bila vumbi kifuani. Sikukudanganya, ila sikusema yote. Ordinatere yangu haiko katika biro ya mujini. Iko ndani ya kontenere nyeupe, juu kabisa ya karieri, lile shimo la madini unalolijua, kwenye ukingo, na kazi yake ni kutazama ukuta wa ng'ambo usiwaangukie batu wanaofanya kazi chini.

Nje ya kontenere kuna chombo kinachoitwa radar, kama sahani kubwa iliyosimamishwa. Inapeleka mawimbi hadi kwenye ukuta, nayo yanarudi, na kwa namna yanavyorudi ordinatere inajua kama jiwe limesogea, hata kama limesogea kwa unene wa ukucha tu. Kwenye skrini ukuta unaonekana kwa rangi: kijani ni utulivu, manjano ni kuwa macho, nyekundu ni kukimbia. Tata, wewe ulikaa chini ya kuta zile miaka makumi mbili na saba, labda hili unalijua kwa ngozi yako. Mimi nililijua kwa macho, na sijaacha kushangaa. Jua likipanda, ukuta mzima unavimba kidogo, chini ya unene wa unywele. Baridi ikiingia, unarudi. Nilikuwa nafikiri jiwe ni kitu kilichokufa. Juma yangu ya kwanza nilikaa mbele ya skrini ile, mukono mdomoni, nikitazama mulima ukipumua.

Mwaka huu wote maongezi ya kontenere yalikuwa mamoja: mfumo. Kila ordinatere ina mfumo wake ndani, yaani ule ujuzi wa kwanza unaoiamsha na kuiambia hii ni skrini, hii ni saa, ile ni radar, isikilize. Wetu ulikuwa Windows ya kumi. Kampuni yenye kuutengeneza, kule Amerika, ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 14 ya mwezi wa kumi itaacha kuuchunga: matundu yakitoboka, hakuna tena wa kuyaziba. Kila mutu alipaswa kuhamia kwenye mupya. Basi tukaanza kukisia ni lini tutahama, na kwa bei gani.

Ungecheka, Tata. Tulikuwa na kalenda ukutani, na kila mutu aliandika tarehe yake. Tata Muteba, shefu wa karieri, mwanaume wa miaka thelathini na moja ya shimo, hakuandika kitu. Alisema benye kutengeneza bile bitu wanataja tarehe kwa kutisha batu tu, wataisogeza, na hata bei itashuka kama ya simu, tusiwe na haraka. Gael, fundi wa ordinatere aliyetoka Lubumbashi, alikuwa na bei mupya kila mwezi. Mara dola thelathini. Mara dola mia sita, kwa sababu alidhani tutanunua ordinatere nyingine. Kisha alipata habari kwamba benye kuuza radar wanapenda fundi wao mwenyewe aje na ndege, alale hoteli, ale, na hapo tukafika elfu nane. Direkta aliposikia elfu nane alisema tungoje hadi baada ya mvua, maana yake mwezi wa ine.

Na rafiki yangu Jémima, jirani yetu hapa Kapata, yeye anaendesha kamyo ya tani mia moja, kamyo ambayo tairi lake linampita François kichwa na mabega. Akipanda kuja kunywa maji kwetu alituuliza tumefika ngapi, kama mutu anayeuliza matokeo ya mpira. Siku moja Gael alisoma vizuri na kugundua kwamba ordinatere yetu ilikuwa bado mupya vya kutosha, kwa hiyo mfumo wenyewe tungeupata bila kulipa hata franga moja. Jémima alicheka hadi akashika mulango. Akasema: "Kitu ya bule, mu hii dunia? Utailipa tu, ila haujue siku."

Mimi nilikuwa nawaza namna nyingine. Gael aliniambia kwamba ordinatere zenye mfumo ule ni mamilioni kwa mamilioni: za mahospitali, za mabanki, za batoto wa shule, na hii yetu. Mutu anakaa mezani upande ule wa dunia, anataja tarehe moja, na kontenere yenye vumbi hapa Kolwezi inaanza kuhesabu siku. Nilihisi kitu kama kile ulichotuambia kuhusu mara ya kwanza ulipoona karieri kutoka juu: kwamba magoti yako yalitaka kukaa bila kukuuliza.

Tarehe 14 ikafika, ikapita. Asubuhi ya tarehe 15 masini iliamka kama kawaida. Tata Muteba alipita, akapiga kontenere kofi, akasema: "Munaona?" Tukacheka wote. Lakini Gael hakucheka sana. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujipanga upande wa Lualaba, na mvua ndiyo wakati kuta zinaanguka. Aliogopa masini isije ikaugua katikati ya mvua, wakati tunapoihitaji zaidi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Siku ya ine ya juma, tarehe 23 ya mwezi ule, saa saba mchana na dakika makumi mbili na sita, nilisema katika motorola, redio yetu ya mkononi, kwamba radar inatoa nyekundu kwenye ukuta wa kaskazini na kwamba batu wote watoke. Tata Muteba alijibu mara moja. Sirene ikalia. Chini kulikuwa na batu makumi ine na mumoja: benye kuendesha makamyo, benye kutoboa, benye kuchukua mawe ya kupima. Niliwaona kwa darubini, wadogo kama mchele, wakikimbilia magari. Makamyo yakaanza kupanda barabara moja baada ya jingine, na yale makubwa, Tata, hayajui kukimbia. Ya mwisho ilikuwa ya Jémima. Alikuwa amesimama kungojea babili waliokuja kwa miguu na mifuko yao ya mawe, akawapakia kwenye ngazi ya kamyo, wakajishika huko kama nguo kwenye kamba. Toka nilipofungua kinywa hadi tairi lake la nyuma lilipopita juu ilikuwa dakika kumi na mbili.

Hazikupita hata tatu nyingine.

Sijui namna ya kukuandikia lililofuata. Kwanza hapakuwa na sauti. Sehemu ya juu ya ukuta ilishuka, nzima, imesimama wima, na majani yake na nguzo ya umeme iliyokuwa juu yake, kama mama aliyechoka anavyokaa chini polepole. Halafu katikati ikafura, ikapasuka, na ndipo sauti ikatufikia, si kwa masikio bali kwa kifua. Ardhi ilituinua. Tata Muteba alikuwa amekuja mbio karibu yangu. Alivua kaske kichwani na kuishika tumboni kama mutu aliye kanisani. Vumbi likapanda likafunika jua, tukawa hatuonani. Tulisimama vile, batu wengi mahali pamoja, tukisikia mawe ya mwisho yakitafuta mahali pa kulala.

Vumbi lilipotoka, tuliona ndani ya mulima. Pale palipokuwa na ukuta mwekundu tunaoujua, palikuwa na mushipa wa kijani, mpana kama barabara, unaoshuka toka juu hadi chini, na pembeni yake rangi ya buluu ambayo sina jina lake. Unang'aa, umelowa. Niliwaza kwamba tangu Mungu aweke jiwe lile pale, hakuna jicho lililowahi kuliona, na kwamba sisi tuliosimama pale, na vumbi kwenye kope, ndio wa kwanza. Jémima alikaa juu ya ngazi ya kamyo yake na kusema polepole, "Eh, Maweja," jina lile la Mungu unaloliita wewe ukisali. Chini, mahali kamyo yake ilipokuwa inapakia, palikuwa na mulima mwingine.

Kutoka siku ile Kolwezi ilikuwa na wimbo mumoja: masini iliona. Siku ya Mungu iliyofuata watu walishukuru kanisani kwa ajili ya akili Mungu aliyowapa benye kutengeneza radar. Muke wa mumoja wa benye kutoboa alikuja hadi kwenye geti ya karieri, amembeba mutoto mgongoni, akaomba aruhusiwe aione tu. Sekirite ikamleta. Alisimama mbele ya ile sahani, akaigusa na kiganja, akafunga macho. Kisha akaniuliza kwa heshima kama inasikia Kiswahili. Direkta naye akasema tutanunua radar ya pili, na mfumo mupya kwa zote, bila kuuliza tena bei.

Mimi nilipungua, Tata. François aliuliza kama nina malaria. Nilimwambia ni vumbi.

Sasa kaa vizuri.

Siku ile masini haikuona kitu. Masini ilikuwa imelala.

Tata Muteba alikuwa ametupa amri moja tu tangu siku ya kwanza: radar isizimwe hata dakika moja kama kuna mutu chini. Lakini Gael aliniambia kwamba kuhama kwenye mfumo mupya ni kazi ya dakika makumi ine. Saa sita batu wanapanda kula, chini panabaki patupu saa nzima. Tukianza saa sita kamili, saa saba masini itakuwa inatazama, na mfumo mupya, kabla ya mvua, bila fundi wa ndege, bila elfu nane. Shefu tungemwambia baadaye, naye angefurahi. Gael hakunilazimisha. Aliniuliza, na mimi, ambaye ufunguo wa kontenere uko shingoni mwangu, nikasema sawa. Nitakuambia hata kilichonisukuma: nilitaka kuuona mfumo mupya ukiamka. Nilitaka kuwa pale.

Saa sita skrini ikawa nyeusi, na katikati yake namba ndogo nyeupe inayopanda: asilimia tano, asilimia kumi na mbili. Tulikaa mbele yake kama batu wanaongoja mkate ufure. Ilifika makumi tatu na mbili ikasimama. Ikaenda. Saa saba kasoro dakika tano ilikuwa kwenye makumi sita na moja, ikagoma. Gael alikuwa anatoka jasho, na kontenere yetu ina klimatizere ya kuleta baridi. Akasema tukiikata katikati inaweza kufa kabisa.

Na saa saba ikalia, Tata. Nikasikia makamyo yakiwaka. Nikawaona wakishuka, na Jémima akanipungia mukono kwenye dirisha lake, kama kila siku.

Nilikuwa na motorola mkononi. Nilipaswa kusema neno moja tu: msishuke, radar haioni. Nilifikiri aibu. Nilifikiri hasira ya shefu, kazi yangu, shule ya Glodie. Nilijiambia, bado dakika tano. Zikapita. Nikajiambia tena tano. Dakika makumi mbili na sita, Tata, batu makumi ine na mumoja walifanya kazi chini ya ukuta ambao hakuna aliyeutazama, na sisi babili tuliojua tulikuwa tunatazama namba.

Halafu sikuweza tena kukaa. Nilichukua darubini nikatoka nje, nisimame kwenye ukingo, niutazame ukuta kwa macho yangu mwenyewe, kwa sababu angalau mutu mumoja alipaswa kuutazama. Ndiyo maana niliona. Kokoto huanguka kila siku kwenye ukuta ule: zinaanguka, zinasimama, zinaanguka tena. Miaka miwili nimeziona. Zile hazikusimama. Zilikuwa zinamiminika mahali pamoja, bila kupumzika, kama mutu anayemwaga mchele toka gunia lililotoboka, na juu yake vumbi jembamba lilikuwa linatoka kwenye mstari ulionyooka, nayo hewa ilikuwa imetulia kabisa.

Nikaita katika motorola. Tata Muteba akaniuliza, na sauti yake bado naisikia: "Mushiya, ni masini iko nasema, ao ni we?"

Nilijua, Tata. Nikisema ni mimi, atapanda gari aje atazame mwenyewe, kwa sababu kusimamisha karieri si mchezo, na mimi ni mwanamuke wa miaka miwili ya kazi mwenye kuona kokoto. Nikasema: "Ni masini, shefu. Nyekundu yote."

Yaliyobaki umeshayasoma. Ila kuna jambo moja. Tuliporudi ndani ya kontenere, tumejaa vumbi, mfumo mupya ulikuwa umemaliza. Ulituamkia kwa rangi nzuri. Radar ikaanza kutazama toka mwanzo, ikachora ukuta ulioko sasa, ule uliovunjika, na kwa kuwa ilikuwa haijui kwamba kulikuwa na mwingine, ikaupaka kijani chote. Utulivu. Gael alifunika uso wake. Mimi nilishangaa namna kitu chenye macho makali vile kinavyoweza kuzaliwa kimechelewa kwa nusu saa tu, kisijue kitu.

Direkta aliita mutaalamu toka nje asome ndani ya masini, aone namna ilivyofanya kazi nzuri. Alifika tarehe 3 ya mwezi huu. Gael alikuja kwangu jioni, analia, akiniomba tutafute neno la kusema. Lakini sikutaka mutu wa mbali ndiye amwambie Tata Muteba. Asubuhi ya tarehe 4, kabla mutaalamu hajafungua kitu, nilimfuata shefu kwenye biro yake, nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Hakunipigia kelele. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Alitazama mikono yake, ile mikono ya batu wenu wa zamani, unayoijua. Kisha akasema: "Kama ungesema ni we, ningekuja kuona. Toka biro mpaka pale kwako ni dakika kumi." Akahesabu kimya, nikaona anahesabu, dakika kumi zake na kumi na mbili za kamyo ya Jémima. Uso wake ukabadilika. Akasema hajui yupi kati yetu babili anapaswa kumwogopa mwenzake. Halafu akachukua kaske yake, tukaenda pamoja kwa Direkta, na njiani hakuniacha nyuma.

Nimesimamishwa siku kumi na tano bila mushahara, na jina langu limetolewa kwenye orodha ya benye kupandishwa. Gael pia amesimamishwa, na akirudi hatashika tena radar. Ni haki, Tata, sikatai. Lakini Tata Muteba alidai mbele ya Direkta jambo lingine, na limeandikwa na kubandikwa kwenye mulango wa kontenere: mutu mwenye kuchunga ukuta akisema batu watoke, watatoka, hata kama masini iko kimya, na hakuna wa kumuuliza kwanza. Na siku ya kubadilisha mfumo wa radar, karieri inafungwa kutwa nzima, kamyo hata moja isishuke. Miezi tisa tulikisia dola. Kati yetu wote hakuna hata mumoja aliyekisia masaa.

Lililobaki lilikuwa Jémima. Kwake nilikwenda jioni ya tarehe 4 hiyohiyo, kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa anasonga bukari. Nilimweleza, naye akaendelea kusonga hadi mwisho, akafunika chungu, akaingia ndani, akafunga mulango. Siku mbili hakunisalimia. Batoto wake walipita mbele ya nyumba yetu kwa haraka, kama waliotumwa kupita kwa haraka. Tata, mushahara sikuulilia. Hilo ndilo nililolilia.

Siku ya tatu alikuja asubuhi na nguo za kazi, bado hajaenda. Alikaa kwenye jiwe la kufulia, mimi nikabaki nimesimama na ufagio. Akaniuliza nilikuwa nafikiri nini dakika zile zote. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia kweli: kwamba nilikuwa naogopa aibu, na kwamba nilikuwa nahesabu asilimia. Akatikisa kichwa. Akatazama mikono yake, akatazama barabara. Akasema kwamba kila akilala anaona ule mulima ukikaa chini, na kwamba hajui kama anaota kwa woga ao kwa uzuri wake. Nikamwambia nami ni vile.

Kisha akasimama, akafunga kilemba chake vizuri, akaniuliza: "Siku yenye utarudi ku kazi, utakuwa mu ile kontenere, ao inje na macho?"

Nikamwambia: "Inje."

Akasema: "Basi, mi ntashuka." Akaenda zake.

Ndiyo habari yangu, Tata. Nimekuficha miaka miwili mahali ninaposimama, na sasa unajua ni ukingo wa aina gani. Kasirika kwa wino, usikasirike kwa kunyamaza. Mama Marie anarudi huku siku ya tatu ya juma. Ukiniambia niache kazi ile nitasoma kila neno, na nitalia, lakini siwezi kukuahidi kwamba nitaacha. Msomee Mama sehemu za mwanzo, na zile za mwisho uchague mwenyewe.

Msalimie Mama Ndaya wa ng'ambo ya reli, na jamaa wote wa kanisa. Glodie ameandika jina lake pembeni kwa mukono wake mwenyewe ili babu yake aone. Mungu azilinde siku zenu na alainishe mguu wako.

Mutoto wako mwenye kukuheshimu,

Mushiya